Jina ni amana: Nani ana haki ya kulificha mtandaoni?

KATIKA kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa Kiswahili ambalo nimo kwa miaka kadhaa sasa, mwalimu mmoja kijana wa shule ya upili alituletea shairi lake. Lilikuwa shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, kuhusu mamake anayeuza omena sokoni. Halikuwa shairi kamilifu. Upatanisho wa kisarufi ulimponyoka katika mishororo miwili, na tamati ilikuja kwa haraka mno. Lakini lilikuwa na uhai, na mimi nililisoma mara mbili.

Hazikupita dakika kumi kabla ya mtu aliyejiita Jagina wa Lugha (lakabu yenyewe nimeibadilisha kidogo) kumrukia. Jagina hakulihakiki shairi. Alimwambia mwalimu yule kwamba watu wa kwao hawajapata kukijua Kiswahili, kwamba lafudhi yao husikika hata kwenye maandishi, na kwamba afadhali arudi ziwani akamsaidie mamake kuanika omena. Waliocheka walicheka. Wengine tulinyamaza. Siku ya pili yake mwalimu akajiondoa kundini, na tangu hapo sijaona utungo wake mwingine popote.

Msimamizi wa kundi alipoulizwa Jagina ni nani, alijibu kuwa hamjui. Nambari ile iliingia kupitia kiungo kilichosambazwa huku na huko. Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Wapo waliotaka kila mwanachama aandike majina yake kamili, mahali anakofanyia kazi na aweke picha yake halisi, la sivyo aondolewe. Wapo waliopinga, wakisema kwamba katika Kenya ya leo kumtaka mtu ajitambulishe kabla hajasema ni kumziba mdomo. 

Nilizisikiliza pande zote mbili kwa makini, na ninadiriki kusema kwamba zote zilikuwa zikizunguka mbuyu. Kuficha jina si dhambi wala si haki ya kila mtu kila mahali. Tunachopaswa kuuliza ni nani anayejificha, anamkwepa nani, ili afanye nini, na akikosea nani atakayelipa.

Lakabu na jina bandia

Tuanze na maneno, maana ukumbi huu ni wa lugha. Katika mijadala ya mtandaoni tunatumia 'lakabu', 'jina la kupanga' na 'jina bandia' kana kwamba ni kitu kimoja. Lakabu ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na kwa asili ni jina la sifa au cheo ambalo mtu hupewa juu ya jina lake. Huongeza, haliondoi. Ahmad Nassir bin Juma Bhalo alipoitwa 'Malenga wa Mvita', hakuna aliyekuwa akimficha, alikuwa akitangazwa. Diwani yake, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka wa 1971, ilibeba lakabu hiyo jaladani, wala sidhani kama pana mtu Mombasa aliyeuliza malenga huyo ni nani. Kule Tanzania, Amiri Sudi Andanenga alijulikana kwa lakabu ya 'Sauti ya Kiza'. Aliyetaka kulumbana na Sauti ya Kiza alijua ni nani atakayemjibu.

Wasomaji wa kurasa za mashairi katika magazeti yetu wanaujua mtindo huo. Chini ya shairi hutokea jina la mtunzi, lakabu yake, kisha mji anakotoka. Akikutungia la kukuchokoza, unajua pa kumpata. Watunzi wa kale wa tenzi nao walikuwa na njia yao ya kutia sahihi. Mwana Kupona binti Msham anapoufunga utendi wake wa mwaka wa 1858, anatuachia jina lake na mwaka wa utungo kwa hesabu ya Hijria, ili anayesoma ajue maneno haya yana mwenyewe.

Jina bandia ni jambo jingine. Bandia ni kitu kilichoundwa kufanana na halisi ili kisimame mahali pake, kama mtoto wa bandia achezewaye na wasichana. Mwenye lakabu amejiongezea jina. Mwenye jina bandia amejiondoa yeye mwenyewe mbele yetu na kutusimamishia mwanasesere. Kisha ipo daraja ya tatu, ya kutokuwa na jina hata kidogo, kama ile karatasi inayookotwa mlangoni alfajiri. Daraja hizi tatu hazina hukumu moja.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba utamaduni wetu ulikuwa wa kusema kila kitu peupe. Hebu itazame kanga. Maandishi ya kanga huitwa 'jina', na hilo peke yake linatosha kumfanya mwanaisimu akae chini afikiri. Bibi akivaa kanga yenye jina la kuchoma akapita mbele ya mlango wa jirani yake, ujumbe umefika. Akiulizwa, atasema alipendezwa na maua tu. Fumbo limemwachia nafasi ya kukana. Lakini aliyevaa anaonekana! Yuko pale barabarani, anajulikana ni mke wa nani na binti wa nani, na jirani naye anaweza kwenda dukani kesho akatafuta kanga ya kujibu. Kinachofichwa ni nia, mwenyewe yu wazi. 

Kwa Jagina mambo yamepinduka. Nia yake ilikuwa wazi kama mchana, ila mwenyewe hakuonekana. Ndiyo maana mwalimu wetu hakuwa na pa kupeleka jibu. Angemjibu nani? Nambari?

Waliojificha kwa haki

Sasa tuugeukie upande wa pili, na upande huu una ushahidi mzito. Mwaka wa 1968 kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijitabu kilichoitwa 'Kenya: Twendapi?' Kilishutumu mwenendo wa serikali ya wakati huo na kikasambazwa kwa siri, bila jina lake. Jina lilipojulikana, alifungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi ya 'Sauti ya Dhiki', ambayo yalichapishwa mwaka wa 1973 yakiwa na jina lake kamili jaladani. Mwaka uliofuata yakatuzwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani.

Mtu ni yuleyule. Hakuwa mwoga alipolificha jina, wala hakugeuka shujaa siku alipolitaja. Alichokuwa akipima ni kile ambacho wenye nguvu wangemtenda wakilipata. Nao walipolipata, walimtenda.

Kizazi changu kiliyashuhudia hayo. Mwaka wa 1982 nilikuwa kidato cha tano, na tulisikia kwa minong'ono kuhusu karatasi iliyoitwa 'Pambana' ambayo waliokutwa nayo walijuta. Mwaka huohuo Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa akashtakiwa kwa kupatikana na kijikaratasi kilichodaiwa kuwa cha uchochezi, kisha akawekwa kizuizini. Baada ya miaka mingi Mutunga huyohuyo aliandika safu gazetini kwa jina la Cabral Pinto, akiwaunganisha Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Pio Gama Pinto aliyeuawa jijini Nairobi mwaka wa 1965. Mwaka wa 2011 aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Jina lile la kupanga halikutumiwa kumvua mtu nguo hadharani. Aliyelisoma alikutana na mawazo, si na cheo. Lilikuwa hata na adabu ya kutuambia, kwa wale waliojua historia, mwandishi anasimama na kina nani.

Anayedhani kwamba hayo ni ya kale na yamepitwa, akumbuke ya juzi tu. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa nyara baada ya kuchapisha mtandaoni picha na maneno ya kuwakejeli wakubwa, na baadhi yao wakaachiliwa Januari 2025. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa katika Kaunti ya Homa Bay kufuatia malalamishi ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi kuhusu machapisho ya mtandaoni. Akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo hayakuafikiana na maelezo hayo.

Baada ya hayo yote, mtu anayesimama kumuuliza kijana wa Kenya, "Kama huna hatia, mbona unaficha jina?" hana budi kwanza alijibu swali la kijana huyo: "Nikilitaja, leo nitalala wapi?" Katiba yetu ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33 na faragha katika Kifungu cha 31. Kifungu hichohicho cha 33 kinamtaka anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Aliyeficha jina ili asiuawe anasimama juu ya sehemu ya kwanza. Aliyeficha jina ili atukane mama wa mwenzake hana pa kusimama.

Funzo la Januari 2008

Kama kuna mwezi mmoja ambao ulitufundisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, ni Januari 2008. Nchi ilikuwa ikiwaka baada ya uchaguzi. Palikuwa na jukwaa la mtandaoni la Wakenya lililoitwa Mashada, lililoendeshwa na David Kobia, ambapo watu walijadiliana kwa majina ya kupanga. Matusi ya kikabila yakafurika humo hata wasimamizi wakalemewa, na Kobia akaamua kulifunga. Alikuwa amejenga baraza akajikuta ana uwanja wa vita.

Katika majuma hayohayo, Kobia huyo akashirikiana na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman kuanzisha Ushahidi. Wananchi walituma taarifa kuhusu ghasia kwa ujumbe mfupi na kupitia mtandao, na taarifa hizo zikawekwa kwenye ramani ili kila mtu aone nini kinatendeka wapi. Aliyetuma hakulazimika kujitaja. Fikiria mama aliyejificha na watoto katika mji unaochomwa; nani angethubutu kumwambia aandike jina na nambari ya kitambulisho kwanza?

Kwa hiyo mwezi mmoja, nchi moja, na hata mtu mmoja, alishuhudia kukosa jina kukiwa sumu hapa na dawa pale. Tofauti iko wapi?

Jina lenyewe la mradi ule linatupa fununu. Ushahidi hutokana na shahidi, na shahidi ni mtu: aliyeona, anayeweza kuitwa na kuulizwa. Mahakamani hakuna ushahidi bila shahidi. Mbona basi taarifa zile zilikuwa na thamani? Kwa sababu zilisema jambo ambalo mwingine angeweza kwenda kulitazama. Ukisema kwamba nyumba imechomwa karibu na shule fulani, kauli yako haitegemei wewe ni nani. Atakayefika pale ataona jivu au ataona nyumba. Matusi ya Mashada hayakuwa na jivu la kwenda kutazamwa. Ukisema kwamba kabila fulani ni wezi, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kwenda akathibitisha. Unachoning'iniza kauli hiyo ni wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe hupo.

Hapa napata kanuni yangu ya kwanza. Kauli inayoweza kuthibitishwa pasipo kumjua msemaji inavumilia kukosa jina. Kauli inayosimama juu ya mamlaka ya msemaji haivumilii. Jagina alitoa hukumu ya kitaalamu: huyu hajui Kiswahili. Angetaja mishororo miwili ile yenye kasoro na kueleza kanuni iliyovunjwa, nisingejali anaitwa nani. Ngeli ni ngeli hata ikifafanuliwa na kinyago. Lakini hakueleza chochote. Alitutaka tumwamini kwa kuwa yeye ni jagina. Alidai heshima ya jina ambalo alikataa kulitaja.

Mshika amana

Wenzangu wa vyuo vikuu watanishika hapa. Watauliza: Profesa, mbona wewe husoma makala za majarida ya kitaaluma na kuzikataa bila jina lako kutajwa? Ni kweli. Nimefanya kazi hiyo kwa miongo mitatu. Mwandishi hanijui, na mara nyingi mimi simjui. Zipo ripoti zangu ambazo bila shaka zilimnyima mtu usingizi.

Lakini kuna mtu wa tatu. Mhariri wa jarida ananijua. Nikiandika kwa chuki, atanirudishia ripoti au hataniletea nyingine. Mwandishi akilalamika, malalamiko yatanifikia. Magazeti nayo yamezoea jambo hilo tangu zamani. Barua ya msomaji inaweza kuchapishwa jina likiwa limehifadhiwa, ila mhariri analo. Jina limefichwa kwa umma, halikufichwa kwa kila mtu. Limewekwa amana.

Neno amana ndilo ninaloona linakosekana katika mijadala yetu. Waswahili wanajua kwamba kitu cha amana hakipotei wala hakitumiwi na aliyekipokea, na pia hakitolewi kwa yeyote anayekuja kubisha mlango. Mshika amana ana kazi mbili: kumlinda mwenye kitu, na kuwa tayari kujibu kwa niaba yake.

Aliyetuonyesha uzito wa kazi hiyo katika Afrika Mashariki ni Maxence Melo wa Tanzania, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Huko ndiko ambako Watanzania wengi kwa miaka na miaka wamejadili siasa na ufisadi kwa Kiswahili, aghalabu kwa majina ya kupanga. Polisi walimtaka atoe utambulisho wa baadhi ya watumiaji. Akakataa. Alikamatwa Desemba 2016, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka wa 2015, akaingia na kutoka mahakamani kwa miaka. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo, kwa kuzuia uchunguzi, na ikamtoza faini ya shilingi milioni tatu za Tanzania au kifungo cha mwaka mmoja.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki: Melo mwenyewe hakuficha jina. Alisimama kizimbani akaitwa kwa jina lake ili wengine wasiitwe. Kwa kila jina la kupanga lenye haki, kuna jina halisi la mtu fulani linalolidhamini. Siku hakuna anayedhamini, kilichobaki si uhuru wa kusema. Ni genge gizani.

Mlinganishe na msimamizi wa kundi letu. Hakuwa msaliti, wala hakuwa mlinzi. Tulimkabidhi sanduku la amana, na siku tulipolihitaji tukakuta halina kitu ndani.

Ungamo langu

Naandika haya nikiwa na deni, na ni haki msomaji alijue.

Mwaka wa 1985, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilitunga shairi la tarbia kumkejeli mhadhiri wetu mmoja aliyechanganya 'r' na 'l'. Nililibandika usiku kwenye ubao wa matangazo wa bweni, bila jina. Vina vilikuwa vimetulia, mizani imekaa sawasawa, nami nikasimama asubuhi katikati ya wenzangu nikicheka nao kana kwamba naliona kwa mara ya kwanza. Raha niliyoipata asubuhi ile siwezi kuikana.

Mhadhiri alipolisoma hakunishuku mimi. Alimshuku mwenzetu mmoja kutoka Pwani. Nani mwingine, alifikiri, angeweza kutunga tarbia safi namna ile? Mwenzetu akaitwa, akakana, na hakuaminiwa. Muhula huo aliomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya ufadhili wa masomo, akanyimwa. Mimi nilikuwa nalala kitanda cha tatu kutoka kwake. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, tukahitimu tukatawanyika. Mhadhiri yule amefariki, Mungu amrehemu, bila kuujua ukweli.

Mwenzangu nilimweleza baada ya miaka ishirini, katika mazishi ya rafiki yetu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Nilijua siku ileile, ndugu yangu. Kile kina cha '-ndo' ni wewe pekee uliyekuwa ukikipenda. Nilikuwa nangoja useme."

Nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtindo hauna kinyago. Mwandishi hujitia sahihi hata anapodhani amefuta nyayo zake zote. La pili ni zito zaidi. Jina linapofichwa, lawama haipotei. Huzunguka ikitafuta mtu wa kumkalia, na kwa kawaida humkalia asiyestahili. Katika kundi letu la WhatsApp hali imekuwa iyo hiyo. Baada ya kisa cha Jagina, wanachama walianza kunyosheana vidole. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu alinipigia simu usiku akiwa na uchungu kwamba watu wanadai Jagina ni yeye. Sina ushahidi wa kumtetea wala wa kumlaumu. Na Jagina halisi, popote alipo, anayasoma hayo na ananyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Tufanyeje?

Sitaki sheria inayomlazimu kila Mkenya kuanika jina lake mtandaoni. Sheria ya namna hiyo itaanza kwa Jagina na itaishia kwa wale wanaofichua wizi wa dawa hospitalini. Ninachopendekeza ni maadili ya wasemaji wenyewe, na kwa makundi yetu ya lugha, utaratibu wa kawaida tu: jina la kupanga liruhusiwe, lakini msimamizi awe na jina halisi, na kila mwanachama ajue kwamba analo.

Kwa msemaji mmojammoja, kabla hajavaa jina bandia, ninayo maswali manne. Je, ninayemsema ana nguvu za kuniumiza, au ni mimi niliye na nguvu za kumuumiza? Anayemwelekea mkubwa akiwa amefunika uso anaweza kuwa na sababu. Anayemwelekea mdogo wake hana. Je, ninachosema kinaweza kupimwa bila mimi? Je, ninayemsema ana njia ya kunijibu? Na mwisho, iwapo lawama itamwangukia mwingine, nitajitokeza? Anayeshindwa na swali hilo la nne aache kuandika. Mimi lilinishinda.

Jina moja la kupanga likishikiliwa kwa miaka nalo hupata sifa au aibu yake, na mwenyewe hulichunga asilichafue. Huyo karibu amerudi kwenye lakabu. Wa kuogopwa ni yule mwenye majina matano: moja la kutukana, la pili la kushangilia matusi, la tatu la kujifanya msuluhishi. Huyo hata fumbo hajui. Wahenga waliposema fumbo mfumbie mjinga, walimdhania mfumbaji aliye mbele ya macho yetu.

Linabaki jambo moja, na ndilo linalonikera zaidi kuliko Jagina. Siku ile shairi la omena lilipotukanwa, jina langu lilikuwa kundini, kamili, na cheo changu cha uprofesa mbele yake. Wengine kadhaa wenye vyeo walikuwepo pia. Tungeandika sentensi moja kila mmoja, mwalimu yule pengine angekuwa nasi hadi leo. Tuliogopa kuingizwa matopeni. Basi tusimhukumu aliyesema bila jina kana kwamba sisi tuliokuwa na majina bila sauti tumetakasika.

Juma lililopita nilipata nambari ya mwalimu yule kwa rafiki. Nikalichukua shairi lake, nikatia alama kwenye ile mishororo miwili, nikaeleza kasoro iko wapi, nikapendekeza mwisho usiharakishwe, na nikamwambia ni beti zipi zilizonigusa. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza. Chini nikaandika majina yangu yote matatu.

Bado hajajibu. Ana haki hiyo.